Sauti Haikukatika

Programu yetu hukaa katikati ya kompyuta za hospitali, ikibeba sauti na picha kutoka moja hadi nyingine. Mtandao ukizidiwa, huacha picha ili sauti ipite. Sheria hiyo aliiweka Mkuu wa kitengo. Nimemwomba mpaka mate yakanikauka kwamba kila chumba kijichagulie cha kuokoa.

"Watu wanaongea kwa midomo, bwana," hunijibu. "Wewe na viziwi wako."

Kiziwi wangu ni mmoja tu, mdogo wangu, fundi cherehani. Leo alikuwa kwa daktari wa upasuaji kuamua juu ya uvimbe wake: utolewe peke yake, au na kizazi chote. Anataka kuzaa, kaniambia mara nyingi. Mkalimani wa lugha ya alama alikuwa hospitali nyingine, akimfikia kwa skrini. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyeniomba niwaangalizie mitambo. Basi nikakaa ofisini natazama na kusikiliza, bila kipaza sauti, maana hicho nacho Mkuu alikikataa. Alisimama nyuma yangu anapuliza chai yake.

Daktari alipofika kwenye suala la kutoa kizazi, mtandao ukazidiwa. Kwenye skrini ya mdogo wangu mkalimani akaganda, mikono hewani. Kumbe mwenyewe kule aliko bado anamwona mdogo wangu, anaendelea kutafsiri, hana habari kwamba yeye haonekani.

"Amekubali?" daktari akauliza.

Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa.

"Ameitikia," ikasema sauti ya mkalimani, safi kabisa. Daktari akashika kalamu.

Nakijua kichwa kile. Tangu utotoni, watu wakimkodolea macho kusubiri jibu la jambo ambalo hakulipata, huitikia ili wamwache.

"Umeona?" Mkuu akasema. "Sauti haikukatika hata kidogo."

Hasira zikanipanda. Nikaigeuza sheria yake mbele ya macho yake: picha kwanza.

Daktari akagonga spika. "Sisikii kitu. Siwezi kuendelea namna hii."

Kwenye skrini mikono ya mkalimani ikaanza kwenda. Mdogo wangu akamwashiria arudie tangu mwanzo. Alitazama mpaka mwisho, kisha akainuka, akamnyang'anya daktari kalamu, na mikono yake ikaanza kwenda mbiombio.

"Rudisha sauti," Mkuu akafoka.

"Subiri kwanza," nikamwambia. "Mdogo wangu anaongea."