Mbuzi wa Shaba Usoni mwa Punda

Aliyemfukua yule mbuzi wa shaba ni mimi. Plau ilimtoa kwenye shamba langu la mtama, mdogo kama kiberiti, amekunja miguu, ana kitanzi mgongoni. Mke wangu Cuilian akamsugua kwa majivu, akamfunga kwenye hatamu ya punda wetu, katikati ya macho. Punda alimvaa miaka kumi na mmoja. Alikuwa mvivu na mpiga mateke, lakini alipendeza.

Siku moja mtu wa makumbusho ya wilaya alimwona mbuzi huyo usoni mwa punda sokoni, akapiga yowe kama aliyeng'atwa. Nikamkabidhi mbuzi. Wakanipa cheti na beseni. Beseni bado tunalitumia.

Mwaka huu wakanialika kwenye ufunguzi wa maonyesho. Daktari Hao Yinping, binti wa miaka thelathini hivi, alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya mbuzi wangu.

"Cheo chake chuoni kinategemea kitabu hicho," Mkurugenzi Qiang wa makumbusho alininong'oneza mlangoni. "Kwa hiyo wewe piga makofi tu."

Nikapiga makofi, mpaka Daktari aliposema, "Tazameni kitanzi kilivyolika upande mmoja. Hili si pambo la mkanda wa mtu. Wafugaji wa miaka elfu mbili iliyopita waliwavisha farasi wao pambo hili usoni!"

"Huyo ni punda wangu," nikasema.

"Mzee Bai, kunywa chai," akasema Mkurugenzi.

"Nimeshakunywa. Nilipomfukua, kitanzi kilikuwa kizima. Punda alikuwa anajikuna uso ukutani kila asubuhi, upande wa kushoto."

Watu wakacheka. Daktari hakucheka. Uso ulimpauka kama unga.

"Mjomba, una hakika?"

"Mwanangu, nimemsukuma matako miaka kumi na mmoja."

"Yuko wapi nikampime?"

"Tulimla Mwaka Mpya. Nyama ilikuwa ngumu kama tabia yake."

Mkurugenzi akafurahi waziwazi. "Mmesikia? Ushahidi wameula! Nani atamsikiliza mtu aliyeishia darasa la nne?"

Daktari akainama, akakikagua kitanzi cha mbuzi. Nilimwonea huruma, kusema kweli. Nilijua angemshukuru Mkurugenzi na kuendelea, na mimi ningerudi nyumbani nikiitwa mpumbavu.

"Mimi nimemsikiliza," akasema.

Akachomoa kalamu mfukoni mwa Mkurugenzi, akaenda kwenye kibao cha maelezo, akakata mstari mzima uliotaja farasi, mbele ya watu arobaini na kamera ya televisheni. Kisha akanigeukia.

"Na hatamu mmeila?"

"Hatamu iko bandani. Nayo imelika upande wa kushoto."

"Twende."

"Daktari!" Mkurugenzi akapaza sauti. "Na cheo chako je?"

"Kitangoja."

Nikamwambia barabara ya kwetu ni tope tupu, na trekta langu lina kiti kimoja, cha dereva. Akavua viatu vyake vyenye visigino, akavishika mkononi, akatangulia kutoka nje.