Fomu ya Shuaib

Bwana Fanuel, msimamizi wa ile hospitali ndogo ya wakfu ya Wiyoni, alikuwa ameamua kwamba korona haitampata yeye hata ikimaliza kisiwa kizima. Alivaa barakoa mbili na kioo cha uso, akajifungia ofisini, mbali na mgonjwa yeyote, na kutoka humo akatoa amri mpya kila asubuhi. Nusra, nesi wa chumba cha upasuaji, alikuwa akizisoma ukutani na kusonya.

Amri ya karibuni ilisema hapasuliwi mtu mpaka majibu ya kipimo chake yatoke Mombasa. Na Shuaib, anayevusha wageni kwa boti kwenda Ras Kitau, alikuwa siku ya pili tumbo limemvimba kama ngoma, utumbo umejisokota. Daktari Gakii alimbonyeza, akatikisa kichwa.

"Tukingoja, jioni hafiki," alisema.

Nusra alikwenda kuchukua mfuko wa damu kwenye friji la ofisini, maana lililokuwa zima ni hilo tu. Kando ya sharubati ya ukwaju ya Bwana Fanuel akakiona kichupa chenye jina la Shuaib.

"Kipimo hiki hakikwenda Mombasa?"

"Fomu haijapigwa muhuri, Sista." Fanuel alielekeza rula kwenye trei iliyokuwa dirishani. "Karatasi za wodini naanika siku mbili kwanza. Virusi vife."

Nusra alimkodolea macho. Mtu mzima, ana digrii, ana watoto, ameanika roho ya mwenziwe juani kama papa! Alimdharau hata hasira ikakosa pa kukaa.

"Nipa funguo za stoo. Mavazi ya kinga yamo humo. Tutamtenda kama mwenye korona, basi."

"Yale ni ya kupigia picha, wafadhili wanakuja Jumatatu..."

"Mtu afa yeo, leo hii, Bwana Fanuel!"

Akapiga hatua moja mbele. Moja tu. Fanuel akarudi nyuma mpaka ukutani, akazisukuma funguo mezani kwa rula.

Waliingia wanne, wamefunikwa utosini mpaka vidoleni. Feni ikazimwa, mlango ukafungwa. Shuaib alidungwa sindano ya ganzi mgongoni, ili asitiwe bomba kooni akaja kuwakoholea. Utumbo ulikuwa mweusi kiasi cha shubiri moja. Daktari Gakii akaukata, akaunga, jasho limemjaa ndani ya miwani. Saa mbili nzima hakuna aliyethubutu hata kujikuna pua.

Siku ya tatu Shuaib alitoa upepo, wodi nzima ikausikia, watu wakasema alhamdulillahi bila haya. Utumbo ulikuwa umefunguka. Nusra alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Adhuhuri ile ile Bwana Fanuel akasimama mlangoni na barua ya kumtaka Nusra ajieleze. Akamsogezea kwa rula.

Nusra aliishika kwa ncha za vidole. Hakuisoma. Akaiweka dirishani, penye jua.

"Naikauke siku mbili, Bwana Fanuel," alisema. "Barua haifi."