Siku Tuliyopiga Deki

Niseme mapema kabla hamjasikia kwa wengine: aliyefuta ushahidi ni mimi. Nilitumia ndoo kumi na nane za maji na sabuni ya unga.

Ilikuwa Jumatano. Mwalimu mkuu wetu, Teodora, alitoka ofisini ameshika simu kama mtu aliyeshika yai.

"Malimi, afisa wa mazingira anakuja kesho saa tatu. Zamu ni yako. Usiniaibishe."

Miaka miwili tulikuwa tunamwomba aje. Shule yetu ya hapa Nyakato inapakana na kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu. Katikati kuna ukuta, na moshi haujawahi kuomba ruhusa ya ukuta. Tanuru likishawashwa asubuhi, madarasa ya upande ule yanapokea masizi mpaka saa nane mchana. Tuliomba kitu kimoja tu: tanuru liwashwe watoto wakisharudi nyumbani. Afisa angekuja, angeona kwa macho yake, angeandika, na maandishi yake ndiyo yangewabana wenye kiwanda.

Sasa mwalimu wa zamu akisikia neno "mgeni" anafanya nini? Mikono yangu ilijua kabla ya kichwa. Nikagonga kengele. Darasa la tano madirisha, la sita madawati, la saba kupiga deki. Mawe ya njiani tukayapaka chokaa. Hata ule mwarobaini wa karibu na ukuta tuliumwagia maji mpaka ukaonekana umetoka saluni.

Sihaba wa darasa la sita alikuwa anasugua dawati lake, la tatu kutoka mbele, dirishani. Ana pumu mtoto huyo. Alikohoa, akashika ukingo wa dawati, akakohoa tena.

"Sihaba, kwaya unaianzisha bila mwalimu?"

Akacheka, wenzake wakacheka. Utani ndiyo dawa pekee niliyokuwa nayo kabatini.

"Mwalimu, ona, maji yangu yamekuwa chai ya rangi," akasema, akiniinamishia ndoo.

"Kamwage, uchote mengine."

Akaenda kuyamwaga mtaroni. Niliyaona yakiteremka, meusi, mazito, nami nikaangalia saa kama tutawahi kumaliza.

Alhamisi afisa alifika saa tatu kamili. Nathaniel jina lake, kijana mstaarabu, viatu vinang'aa. Kiwandani nao walikuwa wamepigiwa simu, na wao si wajinga: tanuru lilikuwa baridi, mbingu ya Nyakato bluu kama ya kwenye kalenda. Akapita darasa kwa darasa. Watoto wakasimama, wakamsalimia kwa pamoja, mashati yamefuliwa. Kwenye dawati la Sihaba akapitisha kidole, taratibu, kisha akakitazama.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilimtazama Teodora, naye alikuwa ananitazama.

"Afisa," nikasema, "jana tulisafisha."

"Inaonekana, mwalimu," akajibu, huku anaandika. "Hongereni sana."

"Hapana, namaanisha kulikuwa na masizi. Mengi."

"Naelewa. Lakini naandika ninachokiona."

Akanywa soda, akala karanga zetu, akaaga. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, mwenyeji alibaki anakohoa. Ijumaa saa mbili tanuru likawaka kama kawaida.

Ripoti ililetwa baada ya wiki tatu. Hakuna masizi yaliyoonekana. Juu yake walibandika barua ya kutupongeza kwa usafi. Teodora aliitundika ofisini.

"Angalau tumepata kitu," akasema. Hakucheka, na mimi sikumsaidia.

Wiki hiyohiyo akaja Raya, mama yake Sihaba, anayeuza dagaa soko la Mwaloni. Harufu ya ziwa iliingia ofisini kabla yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama Sihaba. Karibu kiti."

"Sikai. Naomba uhamisho wa mtoto. Nampeleka Ukerewe kwa bibi yake. Juzi usiku tulimbeba mgongoni mpaka zahanati, midomo imebadilika rangi."

"Mwakani ni darasa la saba, mama. Na huyu ndiye wa kwanza wangu kwa hesabu."

"Hesabu atazifanya kwa pumzi ipi, mwalimu?"

Utani ulikuwa tayari mdomoni. Sikumbuki hata ulikuwa upi. Niliumeza, nao ulishuka vibaya, kama mwiba wa sato. Nikaandika uhamisho. Penye sababu, pale ambapo siku zote tunajaza "mzazi amehama", niliandika neno moja: moshi.

Sihaba alikuwa amesimama mlangoni na begi lake.

"Mwalimu, nilifute dawati langu kwanza?"

"Liache, mwanangu."

"Litachafuka."

"Najua. Liache."

Leo ni siku ya kumi na moja. Hakuna anayelikalia, hakuna anayeligusa. Wanaofagia asubuhi wanalizunguka kama wanavyozunguka kaburi, na mimi nimeacha kuwatania wanaokohoa. Nahesabu tu, kimoyomoyo, huku naandika ubaoni. Jana Teodora alichungulia darasani.

"Malimi, hilo dawati linatia aibu."

"Ndiyo kazi niliyolipangia."

Nilidhani ataagiza kitambaa. Akafunga mlango polepole, akaenda zake.

Asubuhi hii nimelipiga picha dawati, jeusi kama sufuria ya kuni, nikamtumia afisa pamoja na ujumbe. Ni wa nne sasa. Alama zinaonyesha ameshausoma, kama jumbe tatu za mwanzo.

"Ndugu Nathaniel, habari za kazi. Naomba urudi. Siku yoyote, saa yoyote kabla ya saa nane. Ila nakuomba sana, ndugu yangu, usitupigie simu kwanza."