Sauti Hapa Ni Mimi

Ogola alijua bintiye ametolewa darasani tena hata kabla hajafungua mdomo. Hope aliingia nyumbani, akatupa begi kitandani, akaanza kuosha sahani ambazo zilikuwa safi tayari.

"Kemia?" Ogola akauliza.

"Kemia."

"Na leo umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, Baba. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Sijaangalia video."

Basi sikia maajabu ya shule hiyo ya Kawangware. Tangu muhula uanze, mwalimu mkuu, bwana mmoja anayeitwa Mbuthia, alikuwa ameleta mtindo mpya. Mwalimu wa kemia hafundishi tena darasani. Anajirekodi video, anaituma kwa WhatsApp, na mwanafunzi anajifunza somo peke yake nyumbani. Darasani sasa wanafanya mazoezi na majaribio, mwalimu akizunguka kuwasaidia. Kazi ya nyumbani inafanywa shuleni, na ya shuleni inafanywa nyumbani. Kama una simu nzuri, una data, na una chumba ambacho hakuna mtu anakukaangia samaki puani, ni mtindo mtamu sana. Lakini waliouleta hawakupita Raila Village, mtaa wa mabanda alikoishi Ogola, kuuliza nani ana nini.

Kwa Ogola kulikuwa na simu moja ya maana, ya mkewe Filister, na Filister alitoka nayo alfajiri kwenda kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, na kurudi jioni betri imekufa. Sheria ya Mbuthia nayo haikujua omena. Hujaona video, simama nje, tazama wenzako kupitia dirisha la maabara. Mwisho wa muhula, wale ambao alama zimeanguka wangeondolewa kemia kabisa, wasije wakaiharibia shule wastani. Na Hope alitaka kusomea ufamasia. Alikuwa anasema hivyo tangu darasa la sita, na bila kemia hakuna chuo cha ufamasia kitakachomtazama mara mbili.

Mori ukampanda Ogola. Huyo naye hakuhitaji mengi kupandwa na mori. Alikuwa mtu wa sauti. Pale Raila alikuwa na kibanda cha muvi, viti vya mbao, runinga kubwa ukutani, na yeye mwenyewe ndiye dijei. Muvi ikianza, Ogola anazima sauti ya Wachina na Wamarekani, anashika maiki, anaanza kuisimulia kwa Sheng yake ya mtaani kutoka mwanzo hadi mwisho. Huyu ni adui, yule ni staring, yaani shujaa wa muvi, na staring hafi, mambo yawe vipi. Watu walikuwa wanatoka hadi mtaa wa Lindi kuja kumsikia. Muvi ile ile uliyoiona kwingine, kwa Ogola inakuwa mpya.

Kesho yake akaenda Kawangware kwa miguu, na kila hatua hasira ikazidi. Alimkuta mwalimu wa kemia, Madam Waithira, nje ya maabara akiwa na chaki mfukoni, ishara kwamba hata yeye mtindo mpya haujamkaa vizuri.

"Madam, mimi ni Baba Hope. Nataka kujua. Mshahara mnachukua ya nini kama kufundisha mmetuachia sisi?"

"Baba Hope, tulia kwanza."

"Sitatulia! Mtoto wangu anasimama dirishani kama mwizi wa kuku!"

Watoto wakaanza kuchungulia. Waithira akamvuta kando. Akamweleza taratibu kwamba si yeye aliyeamua, kwamba akirudia kufundisha kilicho kwenye video anaitwa ofisini, na kwamba somo la Jumatatu ni la majaribio na Hope asilikose. Kisha akatoa flashi ndogo kwenye mkoba.

"Video iko hapa. Haihitaji data. Una mahali pa kuiweka?"

Ogola akacheka kwa dharau. "Mahali? Madam, mimi nina skrini kubwa kushinda ya prinsipo wako. Mmesema shule ni kwangu, sivyo? Basi nitafundisha."

Kumbe alimaanisha hivyo neno kwa neno.

Jumapili baada ya kanisa, kabla ya mechi, alijaza kibanda. Hakumwita Hope peke yake. Aliita kila mwanafunzi wa sekondari aliyempata njiani, na wale wa primari wakajipenyeza. Flashi ikaingia. Madam Waithira akatokea kwenye skrini, koti jeupe, mbele yake bika mbili, zile glasi za maabara, za kioevu kisicho na rangi, na Ogola, kama alivyofanya kwa kila muvi maisha yake yote, akashika rimoti akashusha sauti hadi sifuri.

"Baba, acha sauti kidogo," Hope akasema kutoka kiti cha mbele.

"Sauti hapa ni mimi," Ogola akajibu, na kibanda kizima kikapiga makofi.

Hapo akaachilia. Asidi ya salfuriki, akasema, ndiye adui, jamaa mbaya, ukimgusa anakula ngozi. Maji ndiye staring. Na staring anafanyaga nini, watu wangu? "Anaingia kwa adui!" wakamjibu. Kwenye skrini Waithira akainua bika moja, akaimimina polepole kwenye nyingine, na Ogola akapiga kelele, "Huyo! Maji ameingia kwa nyumba ya asidi! Anamlainisha! Anammaliza polepole!" Watoto walicheka hadi machozi. Hope pia alicheka, ingawa aliinamisha kichwa mara moja mbili kujaribu kusoma maandishi madogo kwenye zile bika. Hayakusomeka.

Jumatatu, kwa mara ya kwanza muhula huo, Hope aliingia maabara. Akaulizwa kama ameona video, akasema ndiyo, na alikuwa anasema kweli. Wanafunzi walikuwa wengi, Waithira alikuwa meza ya mwisho akimsaidia mwingine. Hope, aliyechoka kutazama watu kupitia kioo, alitaka kuonyesha kwamba anajua. Akachukua maji, akayamwaga kwenye bika ya asidi kali.

Asidi ikachemka papo hapo na kuruka. Kama asingekuwa ameinua mkono, ingekuwa uso. Waithira alimburura hadi kwenye mfereji, bomba la maji la maabara, akaushikilia mkono wake chini ya maji yanayotiririka, muda mrefu, msichana akilia na mwalimu akilia.

Ogola alipofika ofisini kwa mwalimu mkuu, alimkuta Hope ameketi, bendeji kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Waithira alikuwa amesimama nyuma yake. Mbuthia alikuwa nyuma ya meza.

"Mzee, karibu. Tumesikitika," Mbuthia akaanza. "Lakini umeona mwenyewe. Msichana huyu si wa kemia. Tutamtoa, achukue somo jingine, kwa usalama wake."

Ai! Ungedhani umemwagia Ogola mafuta ya taa. Alipiga meza hadi kikombe cha prinsipo kikaruka.

"Usalama? Mmemchoma halafu mnamfukuza? Alitazama hiyo video yenu, nilikuwepo, niliona kwa macho yangu! Alifanya vile mlivyomwonyesha! Mmemfundisha upuuzi, sasa mnataka abebe makosa yenu! Leteni hiyo video hapa. Iwekeni! Tuione sote, na huyu Madam aniambie usoni alimwonyesha nini mtoto wangu!"

"Baba, tuache tu," Hope akasema.

"Nyamaza, naongea na watu wakubwa! Iwekeni!"

Mbuthia akainua mabega, akageuza kompyuta yake. Waithira akatokea, koti lile lile, bika zile zile. Safari hii alikuwa na sauti. Alieleza kwa Kiingereza kwamba asidi humwagwa kwenye maji, kidogo kidogo, ukikoroga. Kisha akaweka bika chini, akaitazama kamera, akaacha Kiingereza.

"Watoto wangu, nisikizeni kwa Kiswahili ndio mtu asiseme hakuskia. Kamwe, kamwe usimwage maji kwenye asidi. Itakurukia. Itakuchoma."

Mbuthia akaizima. "Haya, mzee. Ulitaka tuone."

Ogola alitafuta ile hasira yake na hakuipata. Aliona kibanda chake, watoto wanavyocheka, kidole chake kwenye rimoti.

"Hope," Mbuthia akasema, "ulimsikia mwalimu akisema hivyo?"

Hope aliutazama mkono wake. "Sikusikiza vizuri, sir. Ni makosa yangu."

"Basi unaona. Tunamwondoa."

Na hapo ndipo uchungu ulipomkata Ogola. Mtoto alikuwa anajua. Tangu mfereji ule alikuwa anajua ni nani aliyemwambia maji yaingie, na amekaa hapo amefunga mdomo, akiacha ufamasia uende, ili babake asiaibike mbele ya watu aliowafokea.

"Sauti nilizima mimi," Ogola akasema.

"Unasemaje?"

"Hakuskia kwa sababu mimi nilizima sauti. Mimi ni dijei wa muvi. Nilizima nikaongea mimi, na sikujua ninachoongea. Nilimwambia ni maji yanaingia kwa asidi. Nimewaambia watoto wote wa Raila hivyo."

Mbuthia alitazama juu, kisha akaanza kucheka. Alicheka kweli, akipangusa macho. "Kemia! Kwa kibanda cha muvi! Wazazi wa hii shule mtaniua."

Hapo hasira ikarudi, na safari hii ilijua inakoenda.

"Cheka, cheka sana. Ndiyo, kibanda. Ulitaka niiweke wapi? Ulichukua kazi yako ukaituma nyumbani kwangu, na nyumbani kwangu ndiko huko. Mimi nimekosea, sikatai, kosa langu liko hapo kwa bendeji. Lakini mimi si mwalimu! Nyumba yangu si maabara! Ndiyo maana nilimleta shule! Huyu msichana alisimama dirishani kwa sababu yako na akachomeka kwa sababu yangu. Yeye mwenyewe amekosa wapi?"

Mbuthia akaacha kucheka. Kabla hajajibu, Waithira alikuwa amesogea mbele ya meza.

"Mimi nilitaka kuwauliza kabla hawajagusa asidi. Swali moja tu. Nani anaingia kwa nani. Ulinikataza, ukasema aliyeona video anajua. Hope akitoka kemia, mwalimu, na mimi natoka na yeye, utafute wa kufundisha hizo video zako."

Mbuthia alikunja uso, akapanga kalamu, akazipanga tena. Mwishowe akasema Hope atarudia jaribio mbele yake mkono ukipona kidogo. Akikosea, kemia basi, na mtu asimpigie meza tena.

Jumapili iliyofuata kibanda kilijaa kuliko ile ya kwanza, maana umbea wa Raila hauhitaji data. Ogola aliweka video ile ile. Rimoti akampa Hope, na Hope akapandisha sauti hadi mabati yakatetemeka. Vijana wakaanza: "Dijei! Ongea bana!" Ogola akasimama mbele yao akasema aliwadanganya, kwamba hakuna staring hapo, kwamba ni asidi ndiyo inaingia kwa maji na atakayefanya kinyume ataona mkono wa Hope. Alipotaka kuendelea, Hope akageuka.

"Baba, kaa chini. Mwalimu anaongea."

Akakaa chini. Filister, aliyekuwa mlangoni na beseni lake, alisema hajawahi kuona mume wake amenyamaza hivyo tangu amwoe.

Siku ya jaribio Ogola alikwenda Kawangware, lakini hakuruhusiwa kuingia maabara. Akasimama nje, dirishani, palepale bintiye alipokuwa akisimamishwa. Kioo kilikuwa kimefungwa na hakusikia lolote. Alimwona Waithira ameketi mikono imefumbatwa. Alimwona Mbuthia amesimama mbali kidogo na meza, umbali wa mtu anayeogopa. Na mbele ya Hope aliona bika mbili za kioevu kisicho na rangi.

Hope akainua moja kwa mkono wake mzima. Ogola akakodoa macho hadi yakauma. Ni ipi? Maji ni yapi? Hakujua. Alikuwa ametazama kitu hiki hiki kwenye skrini kubwa, akapiga kelele kama anayejua, na sasa, mtoto wake mwenyewe akiwa ameinama juu yake, hakuweza kutofautisha maji na asidi. Alishika vyuma vya dirisha. Alitaka kupiga kelele aache, na hakujua ampigie kelele aache nini.

Hope akamimina. Kidogo, akakoroga. Kidogo tena. Hakuna kilichoruka. Waithira akaitikia kwa kichwa mara moja, na Mbuthia akatoka kwa mlango wa pili bila kumtazama mtu.

Hope alitoka akiwa amebeba begi begani, bendeji ikiwa imechafuka kidogo. Hakutabasamu. Alikuwa na hasira yake, na babake aliijua, maana ilikuwa ya ukoo.

"Nimebaki," akasema.

"Nimeona."

"Hujaona kitu, Baba. Ulikuwa nje."

Ogola akachukua lile begi kutoka begani kwake, na wakashika njia ya kurudi nyumbani, Hope akitangulia.