Ratili Mia na Ishirini na Sita

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi, wasichana wa timu ya mieleka walipanga foleni kwenye korido ya shule, soksi miguuni, wakisubiri kupimwa uzito. Refa alikagua kucha kwanza, maana kucha ndefu humchana mwenzako, kisha kila mmoja akapanda mizani. Thea Vosburgh, binti wa miaka kumi na saba, alisimama wa mwisho. Kucha zake zilikuwa fupi kuliko za wote. Alipopanda, mizani ilisoma sifuri.

"Sifuri," akasema Bwana Hutchins, msimamizi wa michezo wa shule, akaandika.

Nyumbani, juu ya mizani ya kupimia ndama, Thea alikuwa na ratili mia na ishirini na sita, hazipungui wala hazizidi. Lakini alisomeshwa na mama yake kwenye meza ya jikoni, na kanuni ilisema asiyeandikishwa shuleni hachezei shule. Kwa hiyo kuanzia langoni kwenda ndani hakuwa na uzito. Mlango wa ukumbi, ule unaojifungua wenyewe, haukumfungukia, akawa anangoja apite mwingine. Theluji ya uwanjani haikushika nyayo zake. Gari la mama yake, Corinne, lilipovuka lango liliinuka kidogo upande wa abiria, na Corinne alikwishazoea kukaza usukani hapo.

"Si umwandikishe tu, yaishe?" Hutchins alimwambia Corinne mwanzoni mwa msimu.

"Basi la shule linapita kwetu saa kumi na mbili. Saa hiyo nina ng'ombe sitini, nusu yao hawajakamuliwa, na wakamuaji ni sisi wawili. Utakuja kukamua wewe?"

Hutchins alisema hana viatu vya kazi hiyo.

Kibaya zaidi, nafasi ya uzito wa Thea ilikuwa wazi. Timu haikuwa na msichana mwingine wa ratili hizo. Kila Jumamosi mpinzani aliingia mkekani peke yake, refa akamwinua mkono: ushindi wa mezani, pointi sita. Thea aliyatazama hayo kutoka benchi la watazamaji, viatu vya mieleka vimefungwa kamba barabara, na moyo ukimuuma. Kocha Delgrosso alimfundisha tangu ana miaka sita, katika klabu ya watoto ya mji, ambako hakuna aliyeuliza mtoto anasomea wapi. Sasa alikuwa hatazami upande ule wa benchi.

"Usije tena, mwanangu," alimwambia siku moja. "Unajiumiza bure."

"Huu ndio mwaka wangu wa mwisho, Kocha. Nitakuja mpaka mizani ichoke yenyewe."

Jumamosi ya tatu ya Januari akaja Janelle Rushlow, kutoka shule iliyo mwendo wa saa mbili kwa basi. Msimu ule alikwishashinda mara tano bila kumgusa mtu, maana shule nyingine nazo hazikuwa na msichana wa uzito wake. Refa alipomwinua mkono mara ya sita, Janelle alishuka mkekani, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye benchi.

"Wewe ndiye sifuri?"

"Ndiye mimi."

"Na nje ya lango je?"

"Mia na ishirini na sita."

"Basi twende nje, dada. Nimeinuliwa mkono mpaka bega linauma. Sikuamka saa kumi alfajiri kuja kupunga mkono."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na shamba la mahindi lililokwishavunwa, theluji ikifika magotini. Timu zote mbili zilitoka. Thea alipovuka lango, nyayo zake zikaanza kuzama. Refa naye alikuja, akieleza kwamba gari lake liko upande huo.

Wakashikana. Janelle alikuwa na nguvu, na mdomo pia. "Umezoea kushindana na ndama, eti?" akauliza, akamnyanyua Thea begani. Hapo akaguna. Alipomtupa, Thea aliangukia magoti, akaudaka mguu wa Janelle, akaukumbatia jinsi anavyoukumbatia wa ng'ombe mwenye mateke, akasukuma. Mabega ya Janelle yakazama thelujini, yakakaa humo. Refa, kwa mazoea ya miaka ishirini, akapiga magoti na kuipiga theluji kwa kiganja, kama apigavyo mkeka mabega ya mtu yakigusa chini na mchezo ukaisha. Kisha akasimama, akajikung'uta.

"Mimi sijaona kitu," akasema, akaenda garini.

Janelle aliketi, akitema theluji. "Nani kasema sifuri? Aje aulize mgongo wangu."

Corinne, aliyewafuata nje, alilia waziwazi, wala hakujifuta. Kocha alikuja akasimama mbele ya Thea, akamtazama usoni. "Mguu wa kushoto umeuacha nyuma," akasema, akimkung'uta theluji begani.

Ubaoni paliandikwa: Rushlow, ushindi wa mezani, pointi sita. Alama za mabega mawili zilibaki shambani mpaka Aprili. Theluji ilianguka mara nne baada ya hapo, na kila mara ilipita kando yake. Mwenye shamba alipolima, aliziruka.

Jumamosi iliyofuata Thea alikata kucha, akapanda gari, nalo likainuka langoni. Alisimama wa mwisho kwenye foleni. Mizani ikasoma sifuri, Hutchins akaandika sifuri. Thea akashuka, akavuta soksi zake, akapanda tena.