Kibao cha Pili

"Shikamoo, baba. Mko wangapi?" aliuliza askari wa hifadhi, binti wa rika la kitindamimba wa mgeni wake.

"Marahaba. Wawili," akajibu mgeni huyo, fundi cherehani.

Ulimi ulijiendea wenyewe. Harusini, hospitalini, popote, siku zote walikuwa wawili. Askari akatungua vibao viwili vya mbao kwenye misumari ya ukuta wa kibanda chake. Utaratibu wa hapo ni kwamba anayeshuka pwani huvaa kibao shingoni, na akirudi hukitundika mwenyewe. Maji yakianza kujaa na msumari ungali mtupu, mtu anatafutwa.

"Na mama yuko wapi?"

"Anakuja nyuma."

Hilo nalo lilimtoka hivyo hivyo. Mkewe alikuwa bingwa wa kubaki nyuma, kusimamisha watu asiowajua na kuwauliza habari za watoto wao. Fundi angeweza kujisahihisha. Akaona haya, akatia kibao cha pili mfukoni na kwenda zake.

Pwani ilikuwa tupu, mikoko upande mmoja, miamba upande wa pili, na mchanga hadi macho yanapochoka. Yeye na mkewe waliahidiana kuja kuona kasa, wakaahirisha kila mwaka kwa ajili ya sare za shule za watoto wa watu. Na kweli akamwona kasa mmoja, mpana kama meza yake ya kukatia vitambaa, ametoa kichwa majini kuvuta pumzi.

"Umemwona?" akasema, akageuka.

Nyuma yake palikuwa na nyayo za mtu mmoja. Akaketi mchangani akalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumwonea aibu.

Aliporudi alitundika kibao chake, akaingia kwenye hema alilopewa kulala, kuvua viatu vipya vilivyombana kutwa nzima. Kile cha mfukoni alikisahau, au alijifanya amekisahau.

Filimbi ndiyo iliyomtoa nje. Askari alikuwa anashuka miambani huku maji yanapanda, anaita, "Mama, uko wapi?"

Ni aibu kulisema, lakini kwa kitambo fundi alifurahi. Tangu mazishi watu hawakuwa na neno ila apige moyo konde. Leo kuna mtu mwingine anayemtafuta mkewe.

Kisha wimbi likampiga binti magotini. Akayumba, akazidi kusonga mbele. Fundi alijua neno la kumrudisha, ila alikuwa hajawahi kulitamka. Habari za msiba zilipelekwa na mwanawe. Akakimbia peku hadi kwenye maji.

"Mwanangu, rudi. Hayupo huko."

"Yuko wapi?"

"Amefariki. Mke wangu alifariki. Nimekuja peke yangu."

Binti alikuwa ameloa hadi kiunoni na alikuwa na kila haki ya kumfokea. Alimshika mkono tu, wakapanda pamoja hadi kibandani.

"Pole, baba," akasema, akinyoosha kiganja apokee kile kibao cha pili.

"Acha," fundi akasema. "Nitamtundikia mimi."