Kamera Isizimwe

Mhadhiri alikuwa na kinyongo, tena cha kufuga. Alikilisha, akakinywesha, kikanona. Na nani angemlaumu? Maabara ile ya habari aliipigania yeye. Alikibembeleza chuo mpaka kikampa stoo ya viti vibovu, akagongomelea magodoro chakavu ukutani kwa mikono yake ili sauti isivuje, akateremka mtaa wa nyuma ya mabweni kuwaambia watu, "Njooni mtengeneze filamu zenu. Vifaa vipo." Maabara ilipoanza kusifiwa, shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye ndiye Mkuu wa Idara, akatokea na tai shingoni akajitangaza mwanzilishi. Mhadhiri akabakiziwa kuhariri picha.

"Shemeji, haya ni mambo ya chuo, si ya familia," Mkuu alimwambia, na lile tabasamu lake la kukata maini.

Mkuu alikuwa na ugonjwa mmoja: kupenda kujiona. Agizo lake la kwanza lilibandikwa mlangoni: kamera isizimwe Mkuu awapo ndani. Watu walilicheka. Mhadhiri alilitii kuliko agizo lolote maishani mwake.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya mtaa ule, jinsi maji machafu ya mabweni yanavyowaingilia majumbani. Mkuu aliitazama, akanuna.

"Maji yote toa. Acha wanapocheka tu. Watu hawa wape soda, watakushukuru hata ukiwamwagia choo kizima."

Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka mbele ya pua yake. Alishaizoea, haioni tena.

Lakini Mhadhiri naye alikuwa na desturi yake tangu enzi za stoo: filamu haionyeshwi mpaka wenyewe waliomo waitazame na kuikubali. Akamwita mwenyekiti wa mtaa, mama muuza mkaa, akamwonyesha kila kitu, hata yale maneno ya Mkuu.

Mama akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Maji hayo yalilowesha kitanda cha mjukuu wangu," akasema. "Weka yote, mwanangu. Na hilo la soda usiliache."

"Naweza kufukuzwa kazi, mama."

"Unaogopa?"

"Naogopa. Lakini huyu mtu namtaka aumbuke."

Siku ya uzinduzi, Makamu Mkuu wa Chuo alikaa mbele, watu wa mtaa nyuma. Mkuu alijisifu mpaka koo likamkauka, kisha filamu ikaanza. Maji machafu yakajaa ukutani, yakafuatiwa na sura yake mwenyewe, na soda, na choo kizima.

"Zima!" Mkuu alifoka. "Zima na hiyo kamera!"

"Agizo linakataza," Mhadhiri alijibu kutoka pembeni, jicho kwenye kamera. "Na wewe umo ndani."

Makamu Mkuu akageuka. "Hivi maabara hii aliianzisha nani hasa?"

Watu wa mtaa walinyoosha vidole kwa Mhadhiri, na kidole cha mbele kabisa kilikuwa cheusi kwa mkaa. Mkuu naye akageuka kufuata vidole, akakutana na taa nyekundu. Mkono ukapanda wenyewe, ukainyoosha tai.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mhadhiri aliivuta ile sura karibu mpaka ikajaa kiooni, na utamu ukampanda hadi utosini.

"Hapo hapo, shemeji," alisema. "Usitikisike."